CHAKULA KILICHOSINDIKWA NI KIPI?
Somo kwa kila anayepika na kila anayelisha mtoto



Tukipita nyumba kwa nyumba, sisi wajitolea wa afya huulizwa swali moja mara kwa mara: "Redioni wanasema vyakula vya kiwandani ni vibaya. Mbona nyinyi mnatupa unga wa kiwandani tuwapikie watoto?" Swali hilo ni zuri, na anayeliuliza anastahili jibu kamili. Mama akikosa jibu anaweza kuacha kumpikia mtoto uji wa lishe kwa kuogopa kiwanda. Mwingine atasema, "Kama unga wa kiwandani ni chakula, basi na biskuti ni chakula," akampa mtoto biskuti na soda. Wote wawili wamechanganya mambo, na atakayekonda ni mtoto.

Zamani mambo ya kuchagua hayakuwa mengi. Tulipanga mstari, tukapokea magunia, tukapika tulichopewa. Mwaka 2014 kambi ya Gihembe, ambayo ilifungwa mwaka 2021, ilikuwa ya kwanza hapa Rwanda ambako PAM ilianza kutoa pesa badala ya chakula, na baadaye utaratibu huo ukafika kambi nyingine. Anayepokea pesa ndiye anayechagua. Na anayechagua anahitaji kujua anachokichagua.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza maana ya kusindika chakula;
- kutaja makundi manne ya vyakula wanayoyatumia watafiti wengi wa lishe;
- kueleza kwa nini unga wa lishe na biskuti si kitu kimoja, ingawa vyote vinatoka kiwandani.

1. KUSINDIKA MAANA YAKE NINI?

Kusindika ni kukifanyia chakula jambo lolote linalokibadilisha kutoka hali yake ya shambani, ziwani au zizini. Kumenya, kukausha, kuloweka, kusaga, kuchemsha, kuchachusha, kutia chumvi, kufunga kwenye kopo: yote hayo ni kusindika. Kwa maana hiyo, karibu kila kitu kilichomo jikoni mwako kimesindikwa. Unga wa ugali umesindikwa. Sambaza wakavu wa ziwa Kivu wamesindikwa. Sombe iliyotwangwa imesindikwa, na mama aliyeitwanga ndiye kiwanda chake.

Tena kuna vyakula ambavyo visiposindikwa vinadhuru. Chukua muhogo mchungu. Ndani yake mna kitu kinachotoa sumu iitwayo sayanidi. Bibi zetu hawakujua jina hilo, lakini walijua kuloweka muhogo majini siku tatu au zaidi, kisha kuuanika na kuutwanga. Kazi hiyo ndiyo inayoiondoa sumu.

Pale ambapo kazi hiyo ilifupishwa, watu walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo. Miaka mingi baadaye, huko Bandundu, wataalamu waliona kwamba wagonjwa walitoka katika vijiji vilivyopunguza siku za kuloweka ili kuwahi kuuza muhogo mjini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ililipuka pia wilaya ya Tarime nchini Tanzania. Mtu aliyepooza kwa konzo haponi tena.

Maharage nayo yasipochemka vizuri huleta kutapika na kuhara. Maziwa yasipochemshwa hubeba vijidudu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayesema tu "usile kilichosindikwa" hajasema kitu. Swali la maana ni hili: kimesindikwa namna gani, kwa kiasi gani, na kwa kusudi gani?

2. MAKUNDI MANNE

Mwaka 2009 mtafiti wa Brazili, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, aliandika kwamba haitoshi kuhesabu mafuta, sukari na vitamini zilizomo katika chakula. Tuangalie pia chakula kimefanywa nini kabla ya kutufikia. Yeye na wenzake walitengeneza utaratibu uitwao NOVA, neno la Kireno lenye maana ya "mpya". Mwaka 2014 serikali ya Brazili ilitumia mawazo hayo katika mwongozo wake wa ulaji kwa wananchi. Leo NOVA ndiyo inayotumiwa zaidi katika tafiti za aina hii. Ina makundi manne.

KUNDI LA KWANZA: vyakula asilia au vilivyosindikwa kidogo. Hivi havikuongezwa chumvi, sukari wala mafuta. Mifano: maharage, mahindi, mchele, viazi, ndizi, mayai, nyama, lengalenga, sombe, maparachichi, maziwa yaliyochemshwa, maziwa ya mgando yasiyo na sukari, sambaza waliokaushwa bila chumvi. Unga wa mahindi na unga wa muhogo umo humu pia. Hata unga wa mahindi ulioongezwa vitamini na madini tu, unabaki kundi la kwanza.

KUNDI LA PILI: viungo vya kupikia. Ni vitu vilivyotolewa katika vyakula au katika ardhi ili vitusaidie kupika: mafuta, sukari, chumvi, siagi. Hakuna anayekaa mezani akala chumvi au mafuta peke yake. Tunavitia kwa kiasi katika chakula cha kundi la kwanza.

KUNDI LA TATU: vyakula vilivyosindikwa. Hapa mtu amechukua chakula cha kundi la kwanza akakitia kitu cha kundi la pili ili kikae muda mrefu au kiwe na ladha. Mifano: makayabu, yaani samaki wa chumvi, samaki wa kopo, jibini kama ile ya Masisi, mkate wa unga, maji, chumvi na hamira. Ukikitazama bado unakitambua: huyu ni samaki, haya ni maziwa.

KUNDI LA NNE: vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Hivi ni mchanganyiko wa kiwandani wa wanga, sukari, mafuta na protini zilizochujwa kutoka vyakula vingine, ukatiwa rangi, ladha za kutengenezwa na vitu vingine ambavyo hakuna jiko la nyumbani linalokuwa navyo. Mifano: soda, unga wa kukoroga juisi ya rangi, pipi, biskuti nyingi za pakiti, soseji, majarini, tambi za kumwagia maji ya moto, na vile vipande vya kuungia mchuzi tunavyoviita kubu. Mara nyingi chakula chenyewe cha asili kimebaki kidogo sana au hakimo kabisa. Kinywaji kina picha ya chungwa kwenye chupa, na huenda hakuna chungwa ndani.

Angalia mambo mawili ambayo wengi hukosea.

Kwanza, kundi haliamuliwi na mahali chakula kilipotengenezwa. Mchele uliokobolewa kiwandani ni kundi la kwanza.

Pili, namba ya kundi si alama ya mtihani. Mandazi ya jirani yaliyopikwa kwa unga, sukari, hamira na mafuta hayamo kundi la nne. Lakini mtoto akila mandazi asubuhi, mchana na jioni hatapata nguvu ya kukua. Ugali mtupu ni wa kundi la kwanza, na ugali mtupu kila siku huleta utapiamlo.

3. KWA NINI KUNDI LA NNE LINAOGOPWA?

Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu wazima 20 walikaa katika hospitali ya utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya kundi la nne, wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana. Milo iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa nguvu, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kadiri alivyotaka.

Walipokuwa kwenye vyakula vya kundi la nne walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Walipokuwa kwenye vyakula vingine walipungua karibu kilo moja. Tena vyakula vya kundi la nne walivila haraka zaidi. Vingi ni laini, havihitaji kutafunwa sana, na tumbo linachelewa kutoa habari kwamba limejaa.

Tafiti nyingine zilizofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi zimeona kwamba wanaokula vyakula hivyo kwa wingi huugua zaidi kisukari na magonjwa ya moyo. Tafiti za namna hiyo haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilicholeta ugonjwa, lakini zinatosha kututahadharisha. Na kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya matajiri wa mbali. Tunawaona wagonjwa hao kwenye foleni ya kituo cha afya hapa hapa kambini.

4. MPAKA UKO WAPI? WATAFITI WENYEWE WANABISHANA

Tusifiche jambo hili. NOVA ina faida, lakini ina wapinzani. Kuna taratibu nyingine zilizotungwa Ulaya na Marekani, na chakula kilekile huweza kuingia kundi moja katika utaratibu huu na kundi jingine katika utaratibu ule. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Ufaransa ambao wataalamu wa vyakula na lishe zaidi ya 150 walipewa orodha ya vyakula wavipange katika makundi ya NOVA. Kwa vyakula vingi hawakukubaliana.

Mkate ni mfano mzuri. Wa unga, maji, chumvi na hamira ni kundi la tatu. Ukiongezewa dawa ya kuulainisha ukae wiki nzima, unahamia kundi la nne. Kwa macho ni mkate uleule.

Maana yake si kwamba tutupe somo lote. Maana yake ni kwamba kundi linatusaidia kuuliza, halituamulii. Hasa tunapofika kwenye chakula cha mtoto mdogo.

5. UNGA WA LISHE NA PLUMPY'NUT VINAINGIA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali la akina mama.

Hapa Kigali, katika eneo la viwanda la Masoro, kuna kiwanda cha Africa Improved Foods kilichofunguliwa rasmi mwaka 2017. Kinatengeneza unga wa mahindi na soya ulioongezwa vitamini na madini. Unga uitwao Shisha Kibondo hutengenezwa hapo, na serikali ya Rwanda huutoa kwa mama wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wa miezi 6 hadi 23 wa familia zenye uhitaji mkubwa. Kiwanda hicho pia kimeiuzia PAM unga wa aina ile ambayo sisi kambini tumezoea kuiita CSB.

Kwa nini unga huo ulihitajika? Uchunguzi wa afya wa Rwanda wa mwaka 2014-2015 ulionyesha kwamba watoto 38 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa 2019-2020 ulionyesha 33. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Akili yake na kinga yake pia hupungukiwa. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Uji mwepesi wa mahindi matupu unalijaza kwa maji, lakini hauna chuma, zinki na protini ya kumtosha.

Unga wa lishe huingia kundi gani? Vitamini na madini peke yake haviutoi unga katika kundi la kwanza. Lakini ukichanganywa na maziwa ya unga, sukari na mafuta, na ukapikwa nusu kwa mashine ya moto na mgandamizo, mtaalamu mmoja atasema hivi na mwingine vile. Mama hahitaji kungoja wamalize. Atazame unga umetengenezwa kwa kusudi gani: kumpa mtoto kile ambacho sufuria ya nyumbani imeshindwa kumpa.

Plumpy'Nut ni mfano ulio wazi zaidi. Ilibuniwa Ufaransa miaka ya 1990 na daktari André Briend na Michel Lescanne. Ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Kabla yake, mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa na kupewa maziwa maalumu ya kukoroga, yanayohitaji maji safi na yanayoharibika haraka. Ile ya pakiti haina maji, hivyo vijidudu havizaliani ndani yake kwa urahisi, na mtoto mwenye hamu ya kula anaweza kutibiwa akiwa nyumbani.

Umeona namba hiyo? Kalori 500. Ndizo walizozidisha wale watu wazima wa Marekani kwa siku. Nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo, laini, kinachomezwa upesi: kwa mtu mzima aliyeshiba huo ni mzigo, kwa mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma chini ya milimita 115 hiyo ni dawa. Ndiyo maana tunasema tusiangalie chakula peke yake. Tuangalie ni nani anakila, ana umri gani, hali yake ikoje, na kwa muda gani. Na dawa ni ya mgonjwa. Plumpy'Nut haigawiwi kwa ndugu wote wa nyumba, haiuzwi, na mtoto akipona anarudi kwenye chakula cha familia.

Kinyume chake pia ni kweli. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yamo kundi la nne katika NOVA, na tangazo lake lina picha nzuri. Lakini mtoto wa chini ya miezi sita anatakiwa maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe. Baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili na zaidi. Mama mwenye tatizo la kunyonyesha asikimbilie dukani. Aje kituo cha afya tumsaidie.

6. TUFANYE NINI?

a) Pesa ikifika, nunua kwanza kundi la kwanza: nafaka au viazi, maharage, mboga za majani. Kijiko cha sambaza waliosagwa kikitiwa katika uji au mboga ya mtoto ni chakula cha maana.

b) Kundi la pili ni la kuungia. Mafuta kidogo yanaongeza nguvu katika chakula cha mtoto. Chumvi iwe yenye iodini, na isizidi. Ukitia kubu, kumbuka kwamba ina chumvi nyingi. Punguza chumvi ya kawaida.

c) Makayabu yaloweke na kubadilisha maji kabla ya kupika. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari nayo.

d) Soma pakiti. Vilivyomo huandikwa kwa kufuata wingi: cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umenunua sukari. Ukiona orodha ndefu ya majina usiyoyajua jikoni, au herufi E ikifuatwa na namba, mara nyingi hilo ni kundi la nne. Usiyeweza kusoma, mwombe mwanao wa shule akusomee.

e) Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili soda wala juisi ya rangi. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2023 unasema vinywaji vyenye sukari visitolewe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23.

f) Unga wa lishe mpikie aliyeandikiwa. Pika uji mzito unaokaa juu ya kijiko, usiwe kama maji.

g) Unga wowote, hata wa sosoma wa dukani, ukinuka au ukiwa na ukungu, usiupike.

7. JIPIME

Swali la 1: Muhogo ulioloweka siku tatu na kuutwanga umesindikwa au haujasindikwa?
Jibu: Umesindikwa, na ni vizuri. Uko kundi la kwanza.

Swali la 2: Juisi ya unga yenye maandishi "ina vitamini C" ni sawa na tunda?
Jibu: Hapana. Kuongeza vitamini hakugeuzi maji ya sukari na rangi kuwa tunda.

Swali la 3: Jirani anataka kuuza unga wa lishe wa mtoto wake ili anunue biskuti na soda, kwa kuwa "vyote ni vya kiwandani". Utamwambia nini?
Jibu: Mwambie kwa upole kwamba kiwanda ni mahali tu. Unga ule umetengenezwa kumjaza mtoto vile anavyopungukiwa. Biskuti na soda zimetengenezwa zinunuliwe tena kesho. Kisha msindikize hadi kwa mjitolea wa afya wa kijiji chenu, mtoto apimwe mkono.

Mwenye swali amwone mjitolea wa karibu yake, au alilete siku ya kupima watoto.